Chagua Upande wa Kisiwa Kwanza, Hoteli Baadaye: Mwongozo Kamili wa Likizo ya Kisiwani

Ukifungua simu kutafuta hoteli ya kisiwani, cha kwanza unachoonyeshwa ni picha: kitanda cheupe, bwawa la kuogelea, mnazi ulioinamia maji. Picha hizo hazikuambii upepo unavuma kutoka wapi mwezi utakaokwenda, bahari inarudi nyuma kiasi gani maji yakikupwa, wala utafikaje huko ndege ikitua usiku. Na mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama utapumzika au utahangaika.

Kwa hiyo hapa tutakwenda kinyume na mazoea. Tunaanza na majira, tunaingia kwenye upande wa kisiwa, kisha usafiri, na hoteli inafuata baada ya hapo. Ukishika mpangilio huo, orodha ndefu ya hoteli itapungua yenyewe mpaka zibaki chache, na kuchagua kati ya hizo chache ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya 1: Jua majira ya kisiwa chenyewe

Husemwa kwamba visiwa vya tropiki vina jua mwaka mzima. Joto lipo mwaka mzima, hilo ni kweli. Kinachobadilika ni mvua, upepo na hali ya bahari, na visiwa viwili vya nchi moja vinaweza kupishana kabisa. Thailand inaonyesha jambo hili vizuri. Phuket, iliyo upande wa Bahari ya Andaman, hupata mvua zake nyingi kati ya Mei na Oktoba. Ko Samui, iliyo ng'ambo ya pili katika Ghuba ya Thailand, hulowa zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Anayesoma tu kwamba Novemba ni mwanzo wa msimu mzuri Thailand, akaenda Ko Samui, atakaa chumbani akitazama mvua.

Sri Lanka ina hali hiyo ndani ya kisiwa kimoja. Pwani ya kusini na magharibi hutulia kuanzia Desemba hadi Machi, wakati pwani ya mashariki, kule Trincomalee na Arugam Bay, hupendeza zaidi kati ya Mei na Septemba. Anayekwenda Julai na anayekwenda Januari wote wanaweza kupata bahari nzuri, ila si pwani moja.

Kwetu katika Bahari ya Hindi magharibi, pepo mbili ndizo zinazotawala. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma takriban Desemba hadi Machi; kusi, ule wa kutoka kusini, huanza masika yakielekea mwisho na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Unguja na Pemba hupata mvua kubwa za masika Machi hadi Mei na mvua fupi za vuli mwishoni mwa mwaka. Shelisheli, miezi ya kusi huwa na mvua kidogo na hewa ya kupendeza, lakini bahari huchafuka upande wa kusini mashariki na safari za boti kati ya visiwa huwa za kurushwarushwa.

Vimbunga vina kalenda yake. Katika Karibi na Atlantiki msimu huanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na miezi mizito ni Agosti, Septemba na Oktoba. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani Morisi, Réunion na Madagaska, ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Visiwa vilivyo karibu sana na ikweta, kama Maldivi na Mahé ya Shelisheli, hukumbwa kwa nadra, kwa sababu hapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo mpaka uwe kimbunga. Aruba, Bonaire na Curaçao nazo ziko kusini kiasi kwamba vimbunga vingi vya Karibi huzipita kwa mbali.

Kwenda katika msimu wa vimbunga si jambo la kukataza, maana wiki nyingi za msimu huo hupita salama na wageni huwa wachache. Lakini nenda na nafasi inayofutika bila adhabu, na nunua bima ya safari mapema. Kwa kawaida, bima iliyonunuliwa baada ya kimbunga kupewa jina haitakulipa kwa hasara ya kimbunga hicho.

Hatua ya 2: Chagua upande

Hapa ndipo naomba utumie muda mwingi kuliko popote pengine.

Anza na upepo. Katika sehemu kubwa ya tropiki upepo hutoka upande wa mashariki kwa miezi mingi mfululizo. Ukikutana na milima, unapanda, unapoa na kuangusha mvua upande huohuo. Ukivuka kwenda upande wa pili unakuwa umeshakauka. Ndiyo maana katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, mji wa Hilo ulio mashariki hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, huku pwani ya Kona, magharibi ya kisiwa hichohicho, ikiwa kavu yenye mawe meusi ya volkano na jua kali. Barbados haina milima mirefu, lakini tofauti unaiona baharini: Bathsheba, upande wa Atlantiki, mawimbi ni ya wachezaji wa ubao, na pwani ya magharibi maji yametulia kiasi cha kuwaingiza watoto. Morisi nayo, kati ya Mei na Septemba, pwani ya mashariki hupigwa na upepo wakati pwani ya magharibi ina joto na utulivu.

Kanuni ya kuanzia ni hii: anayetaka kuogelea na kulala kwa utulivu atafute upande uliokingwa na upepo kwa mwezi wake. Anayetaka kuteleza juu ya maji kwa ubao akivutwa na tiara, au asiyevumilia joto usiku, upande wa upepo ndio wake. Na kumbuka kwamba mahali penye kaskazi na kusi, upande uliokingwa hubadilika pepo zinapobadilika.

Baada ya upepo, maji. Wageni wengi hufika bila kujua lolote kuhusu kujaa na kupwa, kisha husikitika bure. Katika Karibi tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni ndogo, mara nyingi haifiki nusu mita, huna haja ya kuisumbukia. Unguja wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida, tofauti hiyo hufika takriban mita nne. Pwani ya mashariki, kuanzia Paje kwenda Jambiani, sakafu ya bahari ni tambarare, kwa hiyo maji yakikupwa bahari huondoka mbali na kuacha mchanga, mwani na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Nungwi na Kendwa, kaskazini, ufuo unashuka haraka, na kuogelea kunawezekana karibu saa zote.

Sisemi kwamba pwani inayokauka ni mbaya. Kutembea juu ya mchanga ule maji yakiwa yameondoka, ukiangalia viti vya pweza na kaa kwenye vidimbwi, ni raha ya aina yake, na bahari ikirudi inarudi na rangi ambazo picha haziwezi kuzibeba. Ubaya ni kufika hujui.

Kwa hiyo tafuta jedwali la maji la mahali unapokwenda. Yapo mtandaoni bure kwa takriban kila bandari. Bahari nyingi hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Chukua mfano: siku unayofika maji yamekupwa saa nne asubuhi. Kesho yake yatakupwa karibu saa tano kasoro dakika kumi, na baada ya wiki moja, saa nne hiyohiyo ya asubuhi, yatakuwa karibu kujaa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua linapokuja, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kama tarehe zako zinaweza kusogea na unakwenda pwani tambarare, zisogeze ili siku zako nyingi ziangukie maji mafu, au maji yajae katikati ya mchana.

Picha ya setilaiti itakuonyesha yale ambayo hoteli haikuyaweka kwenye tovuti yake. Ifungue kwenye ramani ya simu, kuza mpaka uone paa la hoteli, kisha tazama bahari iliyo mbele yake. Rangi ya maziwa na kijani hafifu ni maji mafupi. Mabaka ya kahawia ni majani ya bahari au mawe. Mstari mweupe wa povu mbali kidogo ni mwamba, na ndani ya mwamba huo maji hutulia. Ukiona boti zimelala ubavu juu ya mchanga, picha ilipigwa maji yakiwa yamekupwa, na unaweza kupima kwa kidole ni hatua ngapi mpaka kwenye maji. Tafuta pia mlango katika mwamba, pale povu linapokatika. Hapo ndipo maji ya ndani hutokea kurudi baharini kwa nguvu yakianza kukupwa, si mahali pa kuogelea.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia kabla hujaamua upande. Tangu 2011 pwani za Karibi, hasa zinazotazama mashariki, zimekuwa zikipokea marundo ya mwani wa kahawia uitwao sagasamu, zaidi katika miezi ya katikati ya mwaka. Ukioza ufukweni hunuka sana. Na ipo pwani ambayo sheria yenyewe inakuzuia: Réunion, kwa sababu ya papa, tangu 2013 kuogelea kunaruhusiwa tu ndani ya vidimbwi vilivyokingwa na mwamba na sehemu zenye ulinzi.

Hatua ya 3: Fuata safari yako mpaka mlangoni

Tiketi ya ndege haikufikishi hotelini. Chukua karatasi uandike kila kipande cha safari: ndege inatua saa ngapi, utatumia muda gani kwenye pasipoti na mizigo, utapanda nini, na kama kipo kipande cha majini, cha mwisho kinaondoka saa ngapi.

Maldivi inafundisha jambo hili kwa uwazi. Hoteli nyingi ziko kila moja kwenye kisiwa chake, na unafikishwa kwa boti ya mwendo kasi kama kisiwa kiko karibu na Malé, au kwa ndege ya kutua majini kama kiko mbali. Ndege hizo huruka wakati wa mwanga tu. Ukitua Malé jioni, unalala Malé au Hulhumalé na kuondoka kesho yake, na ule usiku wa kwanza uliolipia kule kisiwani umepotea. Nauli ya kipande hicho mara nyingi haimo kwenye bei ya chumba unayoiona mwanzoni, na kwa familia inaweza kubadilisha hesabu yote. Iulize kabla hujalinganisha hoteli mbili.

Mahali pengine penye barabara, tatizo ni saa. Kutoka uwanja wa ndege wa Bali kwenda Ubud ni chini ya kilomita 40, lakini msongamano unaweza kuifanya safari ya saa moja na nusu au zaidi. Morisi uwanja uko kusini mashariki na hoteli nyingi ziko Grand Baie kaskazini, kwa hiyo unakivuka karibu kisiwa kizima. Usihesabu kilomita peke yake.

Katika tropiki jua mara nyingi huzama kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja jioni, na giza huingia haraka. Ningependa ufike hotelini kabla ya hapo. Barabara za vijijini mara nyingi hazina taa, vibao havionekani, na ukikuta chumba si kile ulicholipia ni rahisi zaidi kutafuta kingine mchana. Kama ndege yako inatua usiku, agiza gari kupitia hoteli, uwe na jina la dereva na namba yake, na bei mkubaliane kwa maandishi, pamoja na kama ni kwa gari au kwa kichwa.

Mizigo nayo ina masharti. Ndege ndogo za visiwani hukubali kilo chache, mara nyingi kati ya 15 na 20, na baadhi zinataka begi laini. Pima nyumbani.

Hatua ya 4: Amua utazungukaje

Uamuzi huu unakuja kabla ya hoteli, kwa sababu hoteli iliyojitenga bila usafiri ni nyingine, na hoteli hiyohiyo ukiwa na gari ni nyingine. Jiulize kwa ukweli: nataka kutoka mara ngapi? Kama jibu ni mara moja au mbili kwa wiki, gari la kukodi litalala tu kwenye maegesho ukililipia. Kodi dereva kwa siku hizo. Atajua wapi pa kusimama na saa gani ya kurudi. Mkubaliane njia, saa, na nani analipa mafuta na maegesho, yote kabla ya kuondoka.

Ukitaka kutoka kila siku, gari linalipa, hasa mkiwa watatu au zaidi. Jua kwanza upande wa barabara. Morisi, Shelisheli, Unguja, Sri Lanka, Bali, Thailand, Jamaika na Barbados ni kushoto. Réunion, Madagaska, Komoro, Hawaii, Kuba, Ufilipino na Jamhuri ya Dominika ni kulia. Kisha karatasi: sehemu nyingi zinataka hati ya kimataifa ya udereva pamoja na leseni yako, na baadhi zinataka kibali chao wenyewe. Unguja mgeni huhitaji kibali cha hapohapo, na askari wa barabarani hukiulizia.

Siku ya kulichukua gari, usiharakishwe. Lizunguke ukipiga video polepole, paa, kioo cha mbele, rimu zote nne, na chini ya bampa. Fungua buti uone tairi la spea lina upepo na jeki ipo. Piga picha ya kipimo cha mafuta na kilomita. Soma kwenye mkataba ni nini bima haigusi. Mara nyingi ni tairi, vioo na sehemu za chini ya gari, na hizo ndizo zinazoumia kwenye barabara za vumbi. Uliza pia dhamana watakayoizuia kwenye kadi na itaachiliwa lini.

Kuhusu skuta na pikipiki nitasema bila kuzunguka: kama hujawahi kuendesha nyumbani, kisiwani si mahali pa kujifunza. Mchanga kwenye kona, mbwa, mvua ya ghafla na miguu yenye ndala ndivyo vinavyoharibu likizo za watu. Na bima ya safari mara nyingi hailipi matibabu kama huna leseni yenye daraja la pikipiki au hukuvaa helmeti. Bali hati yako ya kimataifa lazima iwe na daraja hilo. Anayejua kuendesha, avae helmeti inayofunga kidevuni, viatu na suruali ndefu, arudi kabla ya giza.

Baiskeli zinastahili kupewa nafasi zaidi. La Digue katika Shelisheli ndizo usafiri mkuu, na visiwa vya Gili karibu na Lombok havina magari kabisa. Kisiwa kidogo kilicho tambarare kwa baiskeli unakifahamu vizuri kuliko kwa gari. Jaribu breki zote mbili na upime kiti kabla ya kulipa.

Basi na daladala ndiyo njia nafuu, na ni njia nzuri ya kuona maisha ya watu. Uliza mambo mawili tu: la mwisho kurudi ni saa ngapi, na Jumapili au sikukuu yanatembea?

Boti naitengea nafasi yake. Asubuhi bahari huwa tulivu kuliko alasiri, hivyo chagua safari ya mapema. Kaa katikati au nyuma, chini badala ya juu, na kama hupatani na mawimbi meza dawa ya kichefuchefu kiasi cha saa moja kabla. Kabla hujapanda, angalia kama jaketi la kuokolea maisha lipo kwa kila mtu, mtoto akiwemo, na kama unaweza kulifikia. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, usipande. Meli ya MV Spice Islander iliyozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011 ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Julai 2018, karibu na Phuket, boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama baada ya kwenda baharini licha ya onyo la hali ya hewa, na watu 47 wakafa. Nahodha wa kweli akisema leo hatutoki, mshukuru na urudi hotelini.

Hatua ya 5: Sasa chagua hoteli

Umeshajua mwezi, upande, namna ya kufika na namna ya kuzunguka. Weka mipaka hiyo kwenye ramani ya tovuti ya hoteli, si kwenye orodha, na uangalie zilizomo ndani ya eneo lako tu.

Tofautisha maneno. Chumba kinachotazama bahari kinaweza kuwa ng'ambo ya barabara kuu. Hoteli inayosema iko mita 300 kutoka ufukweni imepima kwa mstari ulionyooka, wakati njia ya kutembea inaweza kuzunguka ukuta wa jirani. Fungua ramani, fuata njia ya miguu kwa kidole, uone kama unavuka barabara au unashuka ngazi za jabali. Kwa mwenye mtoto mchanga au magoti mabovu, hilo ni zito kuliko idadi ya nyota.

Maoni ya wageni yasome kwa kuyachuja. Panga mapya yaje mbele, kisha tafuta yale ya mwezi utakaokwenda wewe. Sifa za Februari hazikuhusu kama unakwenda Juni. Ruka yanayosifu sana na yanayolaani sana, soma ya katikati. Tumia kitufe cha kutafuta maneno: kelele, jenereta, maji, harufu, mbu, ujenzi, muziki. Lalamiko moja ni bahati mbaya ya mtu. Watu watatu wa miezi tofauti wakisema maji ya kuoga yana chumvi, maji yana chumvi. Zitazame na picha zilizopigwa na wageni wenyewe, hasa za bafu na za ufuo.

Mlo unaamuliwa na mahali hoteli ilipo. Ikiwa imejitenga na huna usafiri, utakula humo asubuhi, mchana na usiku, kwa hiyo linganisha bei ikiwa na milo ndani. Ikiwa iko kijijini au mjini, chukua chumba na kifungua kinywa tu, uwe huru kula utakapo.

Kisha waandikie hoteli yenyewe. Namna wanavyojibu inakueleza mengi: anayejibu kila swali moja moja, kwa uwazi, ndiye atakayekuhudumia vizuri ukifika. Ujumbe mmoja wenye maswali haya unatosha:

- Katika tarehe zangu, ufuo ulio mbele yenu unaogeleka saa zote au maji yakijaa tu?
- Umeme ukikatika, jenereta inaendesha viyoyozi au taa peke yake, na iko umbali gani na chumba changu?
- Vyumba vina chandarua, feni na nyavu madirishani?
- Kuna ujenzi wowote ndani au jirani mwezi huo?
- Bei hii ina kodi zote na ada ya huduma? Kuna kingine cha kulipa nikifika?
- Usafiri kutoka uwanjani au bandarini ni kiasi gani kwa wote, kwenda na kurudi?
- Mwisho wa kufuta bila kukatwa ni tarehe gani?

Swali la kodi usiliache. Maldivi hutoza kodi ya mazingira kwa kila mtu kwa kila usiku, na Bali tangu Februari 2024 hutoza wageni wa kigeni ada ya kuingia. Visiwa vingi vina kitu cha namna hii, na bei ya kwanza unayoiona haikijumlishi kila mara.

La mbu ni la afya. Mbu waenezao dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Dawa ya kupaka na nguo nyepesi za mikono mirefu ziwemo begini.

Ukimaliza, linganisha bei ya tovuti na ya hoteli moja kwa moja. Hoteli nyingi ndogo hutoa punguzo, au usafiri wa bure, kwa anayewaandikia wenyewe. Lakini usitume pesa kwa namba uliyopewa kwenye ujumbe bila kuhakiki; piga simu iliyo kwenye tovuti yao rasmi kwanza.

Hatua ya 6: Gawa usiku zako

Chini ya usiku tano, kaa sehemu moja. Kila kuhama kunakula nusu siku: kufunga mizigo, kuondoka chumbani saa nne au tano asubuhi, kungoja chumba kipya mpaka alasiri. Kuanzia usiku saba, sehemu mbili zinafaa, na ningezichagua zitofautiane kweli, mathalani mji wa zamani kisha pwani, au milimani kisha baharini. Anza na kule kwenye kutembea sana, malizia kwenye kupumzika.

Isipokuwa usiku wa mwisho. Kama hoteli yako iko kwenye kisiwa kidogo kinachofikiwa kwa boti au ndege ndogo, rudi kisiwa kikuu siku moja kabla ya ndege yako ya kimataifa. Upepo ukizuia boti asubuhi ile, shirika la ndege halitakungoja, na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazilindani. Waliozamia kwa mitungi wana sababu ya ziada: wataalamu wa uzamiaji hushauri kukaa angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya kuzamia mara moja, na angalau 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Panga siku hiyo ya mwisho iwe ya nchi kavu.